Mume wangu anataka alamu, mimi naliogopa dirisha la jiko

Barua

Yaya, mkubwa wangu,

Nakusalimu kutoka Kalubwe, hapa Lubumbashi. Ninakuandikia saa tisa za usiku. Watoto wamelala, mimi hapana. Hii ni wiki ya tatu.

Nina watoto watatu, na mama mkwe anaishi nasi tangu mwaka jana. Baba watoto anafanya kazi mgodini Kolwezi. Anakaa huko wiki tatu, anakuja siku saba, anarudi. Nyumba ni yetu, tuliijenga kidogo kidogo. Lupango, yaani kiwanja cha nyumba, ina ukuta wetu pande tatu. Upande wa nyuma ni ukuta wa jirani ambaye hajamaliza kujenga, na matofali yake ameyapanga kando kando ya huo ukuta.

Wezi waliingia usiku ambao umeme ulikuwa umekatika tangu jioni. Hawakuvunja kitu. Walitoa vioo vya nako vya dirisha la jiko, vile vipande virefu vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, wakavitoa kimoja kimoja, wakavipanga chini kama mtu aliyekuwa anaosha sahani. Wakachukua televisheni, simu mbili, chupa ya gesi na mfuko wa unga wa kilo 25. Hatukusikia hata kidogo. Kinachonitesa si televisheni, Yaya. Ni kwamba ili kufika sebuleni walipita mbele ya mlango wa chumba cha watoto, na mlango huo tulikuwa tumeuacha wazi kwa sababu ya joto.

Baba watoto akatuma fundi. Fundi akasimama sebuleni dakika kumi, akaangalia dari, akaandika: king'ora kimoja, vihisi vya mwendo vinane, kamera nne, jumla dola 1,150. Baba watoto anasema lipa, nami nipate kulala huku Kolwezi. Mama mkwe anasema pesa hiyo bora tumwajiri zamu, mlinzi wa usiku. Tena anasema aliyewaonyesha wezi njia ni mtoto wa dada yangu, msichana wa miaka 17 anayetusaidia kazi za nyumbani, kwa sababu alionekana akisalimiana na vijana wanaojenga kwa jirani. Msichana analia kila siku, anataka kurudi Likasi.

Na kuna jambo lingine. Kwenye avenyu yetu kuna nyumba yenye alamu. Kila umeme ukirudi usiku inalia. Mwanzoni tulikuwa tunatoka. Sasa hakuna anayetoka.

Je, alamu itatusaidia? Niulize nini kabla ya kutoa pesa?

Mama wa Watatu, Kalubwe

Jibu

Mama wa Watatu,

Pole sana. Pole kwa ule usiku, na pole kwa usiku zote zilizofuata. Mtu akishatembea ndani ya nyumba yako ukiwa umelala, hofu haitoki kwa kununua televisheni nyingine. Asije mtu akakuambia kwamba ni vitu tu vilivyopotea.

Nikujibu bila kuzunguka: hizo dola 1,150 usizitoe mwezi huu. Alamu si kitu kibaya. Nimefunga alamu nyingi kwa mikono yangu katika mji huu kabla ya kuanza kuandika safu hii, na nimeona zikiokoa watu. Lakini alamu ina kazi moja tu, kupiga kelele. Haifungi dirisha, haimshiki mtu mkono. Kelele inafaa kama kuna wa kuisikia na kuinuka, na kama kuna kitu kinachomchelewesha mwizi mpaka huyo aliyeinuka afike. Sasa niambie: dirisha lako la jiko linamchelewesha mtu dakika ngapi?

Pima. Mwite kaka yako au shemeji unayemwamini, mchana, asimame nje ya dirisha lingine lenye nako, mpe kisu cha mezani, nawe ushike simu uhesabu. Vioo vya nako vimeshikwa na vidomo vya aluminiamu laini; ukivikunjua, kioo kinateleza na kutoka bila sauti. Nimewahi kumwona kijana akitoa vioo sita kwa muda usiozidi dakika mbili. Kisha mwambie aingie, atembee hadi pale televisheni ilipokuwa, arudi nje nayo mpaka ukutani. Andika muda wote huo kwenye karatasi. Tuseme umepata dakika sita.

Sasa andika muda wa pili. King'ora kikilia saa nane za usiku, nani anatoka, na anafika baada ya dakika ngapi? Baba watoto yuko kilomita kama 300 kutoka hapo. Jirani wa nyuma hajahamia. Majirani wa avenyu wamekwisha kufundishwa na ile alamu nyingine kwamba king'ora maana yake ni umeme umerudi, kwa hiyo watageuka upande wa pili na kuendelea kulala. Kama muda wa kuja kwa msaada ni mrefu kuliko muda wa kuiba, vihisi vinane havitabadilisha chochote. Wezi watafanya kazi ile ile huku kelele zikipigwa. Fundi wako alipaswa kukuuliza haya kabla ya kutaja hata king'ora. Hakuuliza, kwa kuwa yeye alikuja kuhesabu vifaa vya kuuza. Kuipima nyumba ni kazi nyingine kabisa.

Kwa hiyo ipime wewe. Subiri jioni ambayo umeme umekatika, maana giza ndilo walilolitumia. Giza likishaingia toka nje, pamoja na mama mkwe na msichana. Nitarudi kwa huyo msichana baadaye, lakini nataka awepo. Anzieni avenyu, mbele ya geti, mkiitazama nyumba kama mtu asiyewapenda. Kisha mwombeni jirani au mlinzi wake ruhusa, mkasimame upande wake, pale penye matofali.

Nina hakika mtaona nilichokiona niliposoma barua yako: yale matofali ni ngazi. Ukuta wako unaweza kuwa na mita mbili na nusu kwenda juu, lakini kwa mtu aliyesimama juu ya rundo lile umebaki mita moja. Na akiwa pale juu anaona dirisha la jiko, anaona mwanga wa televisheni sebuleni, anaona saa mnazozima taa. Mwendee jirani kwa heshima, mweleze yaliyowapata, umwombe ayasogeze matofali mita mbili kutoka ukutani. Itakugharimu salamu na labda kuwalipa vijana wawili asubuhi moja. Katika mambo yote nitakayokuandikia, hili ndilo la kwanza kufanywa, lifanywe wiki hii.

Mkishatoka pale, zungukeni ndani ya lupango. Kuna mwembe ambao tawi lake limevuka ukuta? Likatwe. Mnapanda mahindi nyuma ya nyumba wakati wa mvua, kama wengi wetu? Ifikapo Januari mahindi yanamficha mtu mzima aliyesimama, basi mwaka huu karibu na madirisha pandeni matembele au maharage. Jembe, ngazi, kipande cha nondo kilichobaki kwenye ujenzi, vyote viingie ndani usiku. Mwizi hupenda kukuta vyombo vya kazi vikimsubiri. Tazameni na juu pia. Wakati mwingine wanainua bati moja na kushuka kupitia dari ya tripleksi, zile mbao nyembamba, hasa nyumba ikiwa na mti au tangi la maji karibu na paa. Halafu ulizaneni juu ya funguo: tangu mjenge, nani amewahi kushika ufunguo wa mlango wa nyuma? Mwashi, fundi rangi, mpangaji wa chumba cha nje? Kama huwezi kuwataja wote, badilisha kitasa.

Baada ya hapo ndipo pesa ianze kutoka, na ianze kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Weka antivoli, yaani vyuma vya kuzuia wezi, kwenye dirisha la jiko na madirisha mengine ya nyuma, kwa upande wa ndani wa nako. Nafasi kati ya chuma na chuma isipite sentimita 12, na miguu ya antivoli iingie ndani ya tofali na saruji. Ikishikwa na skurubu kwenye fremu ya mbao, mtu ataing'oa kwa mtarimbo mara moja. Mlango wa nyuma uwe na komeo mbili, moja juu na moja chini. Kile kisu cha mezani sasa hakifui dafu. Mwizi atahitaji msumeno na muda mrefu, tena kwa kelele yake mwenyewe.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kuna jambo linaloniumiza kila ninapoingia kwenye nyumba za mji huu. Tunajifungia na vyuma pande zote halafu tunawasha mishumaa. Moto ukianza jikoni, watoto watatokea wapi? Dirisha moja la chumba cha kulala antivoli yake iwe na bawaba, ifunguke kama mlango, na kufuli yake ifungwe kwa ndani. Ufunguo uning'inie kwenye msumari ambao mtoto wako mkubwa anaufikia lakini mkono wa mtu kutoka dirishani haufiki. Mfundishe kuifungua gizani, mara tatu, mara nne, mpaka mikono yake ijue. Na nyumba ikishazibwa vizuri, baridi ya Juni na Julai isiwadanganye kuingiza mbabula, lile jiko la makaa, chumbani na kulala nayo. Hewa yake yenye sumu haionekani wala hainuki, na inaua usingizini.

Sasa tufike kwenye alamu yenyewe, maana bado naamini itakufaa, ila ndogo kuliko ile uliyoandikiwa.

Anza na umeme. Alamu nyingi za nyumbani zina betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7. Zidisha, unapata wati-saa 84. Kisanduku cha alamu na vihisi vichache vikiwa vimetulia vinakula karibu wati 2, kwa hiyo betri mpya iliyojaa inaweza kuvilisha karibu siku mbili. Lakini kamera nne na mashine yake ya kurekodi vinakula wati 30 au zaidi. Viunganishe kwenye betri hiyo hiyo, na haifiki hata saa tatu. Yaani umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni, kamera zako zitakuwa zimekufa kabla hujawalaza watoto, na wezi wako huja wakati wa giza.

Kuna ubaya mwingine ambao haujulikani sana. Betri hizi za madini ya risasi zinahitaji saa nyingi kujaa. Umeme ukirudi saa chache tu usiku kisha ukaondoka tena, wiki baada ya wiki, betri haijai kamwe, na ikikaa nusu tupu inaharibika kabla ya miaka yake mitatu au minne. Niliwahi kufunga alamu kwenye nyumba moja Makomeno, kazi safi, nyaya zimenyooka. Waliibiwa usiku wa tatu wa kukatika kwa umeme. King'ora hakikulia kwa sababu betri ilikuwa imekwisha, na mimi sikuwahi kuwaambia kwamba inaweza kuisha. Yule mama aliniuliza swali moja tu: "Ulijua?" Nilijua. Ndiyo maana leo nakuandikia kwa urefu huu.

Basi mwambie fundi: paneli ndogo ya jua juu ya paa, na betri kubwa zaidi, kabla ya kamera yoyote. Na kitu cha kuzuia umeme unaorudi kwa nguvu na radi za Novemba, maana vinachoma visanduku hivi kwa siku moja. Ile alamu ya avenyu yenu inayolia kila umeme ukirudi, nikikisia, ugonjwa wake ni betri iliyokufa: kisanduku kinazimika kabisa, umeme ukirudi kinaamka kimechanganyikiwa na kulia. Mwenye nyumba aambiwe kwa upole. Betri mpya si ghali ukilinganisha na usingizi wa avenyu nzima, na zaidi ya hapo itawarudishia watu tabia ya kuamka.

Vihisi vya mwendo navyo vina tabia zao. Vinaona joto la mwili linalosogea. Ukiweka kimoja kwenye korido, mama mkwe akiamka kwenda msalani king'ora kitalia, na baada ya usiku tatu mtaacha kukiwasha. Kwa nyumba inayolaliwa na watu sita, usiku ni bora zaidi zile sumaku ndogo za kwenye milango na madirisha. Zinalia mtu anapofungua, wakati bado yuko nje, nanyi mnatembea ndani mnavyotaka. Jua tu kwamba kwenye nako sumaku haisaidii, kwa kuwa mwizi hafungui dirisha bali anatoa vioo. Pale weka kihisi kimoja jikoni, na jikoni kuwe na mlango unaofungwa usiku. Kihisi kingine kikae sebuleni. Visikae nje karibu na taa, la sivyo mvua za kwanza zikileta inswa, wale kumbikumbi, vitalia usiku kucha. Hata ndani, mjusi akipita juu ya kioo cha kihisi anatosha kukiamsha, basi kifutwe mara kwa mara.

Kitu ambacho fundi hakukiandika, nami ningekiweka kabla ya vyote hivyo, ni kitufe cha dharura chumbani mwako. Wengine huja na silaha. Hao hawapigwi wala hawafukuzwi na mama na watoto. Kubalianeni chumba kimoja, chenye mlango mzito na komeo la ndani. Mkisikia kitu wote mnaingia humo, simu iliyojaa chaji imo humo, unabonyeza kitufe, mnakaa kimya. Wakitaka televisheni, waichukue.

Simu ambayo alamu itaipigia isiwe ya baba watoto kwanza. Najua anakupenda na najua hii itamuuma, lakini akipata habari saa nane usiku akiwa Kolwezi ataweza tu kuogopa. Iwapigie watu watatu wanaoweza kufika kwa miguu, yeye awe wa nne. Kadi ya simu iliyo ndani ya alamu iwekwe inite, yaani salio la kupigia, na ikaguliwe kila mwezi. Nimeona alamu iliyonyamaza kwa kukosa inite tu.

Hao watatu watatoka wapi? Hapo mama mkwe ana haki, na umwambie kwamba nimesema hivyo. Zamu ana kitu ambacho king'ora hakina, ana miguu. Lakini mzee mmoja aliyeachwa peke yake nyuma ya geti, bila tochi, mshahara wake unachelewa miezi miwili, atalala, na simlaumu. Kaeni na majirani watatu au wanne, mumlipe zamu mmoja kwa pamoja na kwa wakati, awe na filimbi, awe na nambari zenu. Mkubaliane ishara moja na nani anatoka kwanza. Shefu wa avenyu ajue, na wizi wako kama hujaupeleka polisi, upeleke hata sasa, upate karatasi. Mkubaliane pia kwamba akikamatwa mtu anapelekwa polisi akiwa mzima. Sitaki barua yako ijayo iniambie kwamba kijana amechomwa mbele ya geti lako.

Ukiongeza yote, utakuta alamu yako ni sumaku mbili za milango, vihisi viwili, kitufe kimoja, king'ora kimoja, na betri inayoaminika. Kamera zitasubiri.

Nimebaki na msichana. Umesimama juu ya matofali ya jirani, umeona mwenyewe kinachoonekana kutoka pale. Aliyekaa pale siku mbili hakuhitaji kuambiwa kitu na mtu. Kusalimiana na vijana wanaojenga si ushahidi. Mimi ningekuwa na miaka 17 ningewasalimia pia. Akirudi Likasi sasa, atarudi na jina la mwizi, na dada yako atalibeba pamoja naye. Mwite mbele ya mama mkwe, mweleze kwamba hakuna mnalomshtaki nalo, na umpe kazi: yeye ndiye anayefunga jiko usiku, yeye anajua ni komeo gani linakwama na dirisha lipi halifungi vizuri. Mwulize. Nadhani atakutajia mambo mawili ambayo wewe huyajui.

Halafu mpigie baba watoto, siyo usiku, mchana akiwa amepumzika. Msomee zile dakika ulizoandika kwenye karatasi. Mtumie picha ya matofali. Mwambie fundi unamtaka bado, ila arudi saa moja jioni, na asiingie sebuleni. Aanzie nyuma ya jiko, aulizwe alamu yake itakuwa na hali gani usiku wa tatu bila umeme, na nani atakuja kuijaribu baada ya miezi sita. Akikataa kuzunguka nyuma ya nyumba, mwache aondoke na karatasi yake ya bei, utafute mwingine.